Majina ya Wanyonge katika Lugha ya Waingereza

Lugha ya taifa lo lote ni kama ghala kuu lililojengwa na watu wengi. Kila kizazi huweka humo mali yake, kikafunga mlango na kwenda zake. Na wajao nyuma huchukua vilivyomo wakavitumia, bila ya kuuliza viliwekwa na nani wala kwa sababu gani. Ndivyo ilivyo lugha ya Waingereza, na hasa maneno yake yatajayo watu wa daraja ya chini. Mwanafunzi wa Afrika ya Mashariki afunguapo kitabu cha hadithi za Kiingereza hukuta neno "villain", akaambiwa na kamusi kuwa ni mtu mwovu. Hukuta "knave", akaambiwa ni laghai. Hukuta "churlish" na "boorish", akaambiwa ni tabia ya mtu asiye adabu. Hukuta "mean", "lewd" na "vulgar", akajifunza kuwa hayo yote ni mambo ya aibu. Kwa matumizi ya leo amefundishwa sawasawa. Lakini kamusi ndogo ya shuleni haimwambii kwamba maneno hayo yalianza kwa kutaja watu na vitu visivyokuwa na kosa: mkulima, mtoto wa kiume, mtu huru asiyekuwa na cheo, mtu asiyesoma, na kitu kilicho mali ya wote.

Insha hii yataka kueleza jinsi maneno hayo yalivyoanguka. Haikuandikwa kwa ajili ya kuwacheka Waingereza, kwa maana sijui taifa ambalo lugha yake imesalimika na ila hiyo. Imeandikwa kwa kuwa Kiingereza kimekuwa kwetu lugha ya shule, ya mahakama na ya vitabu vingi, na mtu achukuapo lugha ya wenzake huchukua pamoja nayo hukumu zilizofichwa ndani yake. Tena, mwisho wa safari hii tutaona kwamba nyumba yetu wenyewe haikosi maneno yaliyopita njia ile ile.

Tuanze zamani, kabla ya Wanormani kuvuka bahari na kuitamalaki Uingereza. Katika Kiingereza cha kale mkuu wa nyumba aliitwa kwa jina lililokuwa na maana ya mlinzi wa mkate, "hlafweard". Jina hilo lilifupishwa kizazi baada ya kizazi hata likawa "lord", ambalo leo ni cheo cha watu wakubwa, na katika sala ni jina la Mwenyezi Mungu. Bibi wa nyumba aliitwa "hlæfdige", maana yake mkandaji wa mkate, na hilo ndilo "lady" la leo. Na mtu aliyekaa katika nyumba hiyo akilishwa na bwana wake aliitwa "hlafæta", yaani mla mkate. Jina hili lapatikana katika sheria za Mfalme Æthelberht wa Kent, zilizowekwa karibu na mwaka 600, ambamo imeamriwa kwamba mtu amwuaye mla mkate wa mtu huru alipe shilingi 6. Majina matatu, basi, yalizaliwa na mkate mmoja. Mlinzi wake na mkandaji wake wamepanda hata wakaketi katika mabaraza ya wafalme. Mla mkate amekufa na jina lake, wala hatajwi leo ila na wataalamu wa lugha ya kale.

Nyakati zile watu walikuwa na daraja, na kila daraja ilikuwa na diya yake. Katika ufalme wa Wessex diya ya mkuu ilikuwa shilingi 1,200, na ya mtu huru wa kawaida ilikuwa shilingi 200. Huyu mtu huru aliitwa "ceorl". Alikuwa mdogo mbele ya mkuu, maana sheria ilimhesabu kuwa sehemu moja katika sita. Walakini alikuwa mtu huru, mwenye haki zilizojulikana na thamani iliyoandikwa. Chini yake walikuwako watumwa. Moja katika maneno ya kumwita mtumwa lilikuwa "wealh", ambalo maana yake ya kwanza ni mgeni, yaani mtu wa makabila yaliyokuwa katika kisiwa kile kabla ya Waingereza kufika. Kwa kuwa wengi katika hao walishindwa vitani wakatekwa, jina la kabila likawa jina la mtumwa. Nchi ya Wales yaitwa hivyo hata leo kwa asili hiyo. Na neno "slave" lenyewe limetokana na jina la Waslavi wa Ulaya ya Mashariki, ambao walikamatwa na kuuzwa kwa wingi katika karne za kati. Hapa twaona njia ya kwanza ya kupatikana kwa majina ya unyonge: aliyeshindwa hupokonywa hata jina la watu wake.

Mwaka 1066 William wa Normandy aliishinda Uingereza. Kifaransa kikawa lugha ya mabwana, na Kilatini lugha ya daftari zao. Miaka 20 baadaye, mwaka 1086, nchi ilihesabiwa kwa amri ya mfalme huyo, ardhi na watu na wanyama, na habari zikaandikwa katika daftari kuu liitwalo Domesday. Humo wametajwa zaidi ya watu 100,000 kwa jina la Kilatini la "villani". Kundi lao lilikuwa kubwa kuliko makundi yote, yapata watu wawili katika kila watano walioandikwa. Na watumwa walioandikwa walikuwa yapata 28,000. Sasa "villanus" ni neno lililotoka katika "villa", nalo ni shamba kubwa lenye nyumba ya mwenyewe. Villanus, kwa hiyo, alikuwa mtu wa shamba tu. Karani aliyeliandika neno hilo hakumtukana mtu. Alihesabu mikono ya kulima, kama alivyohesabu majembe ya kukokotwa na ng'ombe na vinu vya kusagia nafaka.

Lakini daftari lina nguvu. Katika karne ya 12 na ya 13 mawakili na makadhi wa mfalme walilichukua jina hilo wakaligeuza kuwa kifungo. Aliyeitwa "villein" hakuweza kuhama shamba la bwana wake bila ya ruhusa. Alilima ardhi ya bwana siku kadha katika kila juma pasipo ujira. Alipomwoza binti yake alilipa ada, na alipokufa bwana alimchukua mnyama aliye bora katika zizi la marehemu. Tena mahakama ya mfalme haikumsikiliza akimshitaki bwana wake kwa habari ya ardhi. Hivyo mara nyingi shauri mahakamani halikuwa juu ya tendo alilotenda mtu, bali juu ya jina analostahili kuitwa. Bwana husimama akasema kwamba huyu ni villein wake, akaleta ndugu zake wa damu waliokiri kuwa ma-villein, na shauri likaishia hapo. Neno moja lilitosha kumwondolea mtu haki ya kusikilizwa.

Mwaka 1348 tauni kubwa iliingia Uingereza. Yakadiriwa kwamba kati ya theluthi na nusu ya watu wa nchi ile walikufa katika muda wa miaka miwili hivi. Mashamba yakakosa wakulima, na waliosalia wakatambua thamani ya mikono yao. Wakubwa wakajibu kwa sheria: amri ya mwaka 1349, na sheria ya mwaka 1351 iliyokataza ujira kupita kiwango cha kabla ya tauni. Juu ya hayo ikaja kodi ya kichwa, shilingi moja kwa kila mtu aliyepita umri wa miaka 15, sawa kwa tajiri na maskini. Mwezi wa Juni 1381 watu wa Kent na Essex wakainuka. Kiongozi wao alikuwa Wat Tyler, na mhubiri wao alikuwa padri John Ball, ambaye aliwauliza watu uungwana ulitoka wapi, ikiwa baba na mama wa kwanza wa wanadamu walikula kwa kazi ya mikono yao. Tarehe 14 Juni, huko Mile End, walimtaka Mfalme Richard wa Pili, kijana wa miaka 14, aondoe utumwa wa mashamba, na ardhi ikodishwe kwa peni 4 kwa eka. Pengi walipopita walichoma moto daftari za mabaraza ya mabwana, maana walijua vema ni wapi majina yao yalipofungiwa.

Mfalme aliahidi, akatoa hati. Siku ya pili yake Wat Tyler aliuawa huko Smithfield mbele ya mfalme, na mwezi uliofuata John Ball alinyongwa huko St Albans. Hati zilitanguliwa. Mwandishi wa tarehe wa zama zile, Thomas Walsingham, asimulia kwamba wajumbe wa Essex walipokwenda kuukumbusha ufalme ahadi yake, walijibiwa kuwa wao ni watu wa shamba, na katika hali hiyo watabaki. Nalitaja jibu hili kwa kuwa laonyesha waziwazi kazi ya neno. Waliambiwa jina lao, na jina likahesabiwa kuwa jawabu ya kutosha.

Walakini utumwa ule ulikufa, ingawa haukuuawa na sheria. Ulidhoofishwa na upungufu wa watu, na ujira uliopanda, na mabwana walioona ni afadhali kupokea kodi ya fedha kuliko kumlazimisha mtu kulima. Na mwisho wa karne ya 16 ulikuwa umekwisha kabisa au karibu na kwisha. Mtu angetazamia kwamba neno nalo lingezikwa. Haikuwa hivyo. Makabaila waliosema Kifaransa walikuwa wamekwisha kulitia dharau, wakidhani kwamba mtu wa shamba ana moyo wa shamba, yaani mchafu na mwenye hila. Kwa muda wa karne kadha sheria na dharau zilikaa pamoja katika neno moja. Sheria ilipokufa, dharau ilirithi nyumba nzima. Leo Waingereza wanaandika "villein" kwa kumtaja mkulima wa zamani katika vitabu vya historia, na "villain" kwa kumtaja mwovu wa hadithi, kana kwamba ni watu wawili wasiojuana.

Yule "ceorl" naye hakupona. Baada ya 1066 uhuru wake ulimezwa na shamba la bwana. Akaitwa "churl", kisha jina hilo likawa la mtu mkali, mchoyo, asiyejua adabu. Ajabu ni kwamba neno lenyewe, kwa mataifa mengine ya ukoo ule, lilikwenda mbinguni. Maana yake ya asili ni mwanamume tu. Kwa Wafaranki likawa jina la mtu, Karl, na Karl mmoja akawa mfalme mkubwa aliyetawazwa kuwa Kaizari mwaka 800. Jina lake ndilo Charles la Waingereza; na Waslavi walipoona ukuu wake, walilifanya jina lake kuwa neno lao la kumwita mfalme ye yote. Hivyo neno moja laweza kuwa taji katika nchi moja na tusi katika nchi ya pili, wala sauti yake haina lawama. Tofauti imeletwa na hali ya waliolichukua.

Mfano mwingine ni wa ndugu wawili. "Cnafa" na "cniht" yalikuwa maneno ya kale ya Kiingereza yenye maana moja, yaani mtoto wa kiume. Kisha yote mawili yakawa na maana ya mtumishi, kwani kila mwenye nyumba hupenda kuwaita watumishi wake watoto. Hapo njia zikaachana. "Cniht" aliingia katika utumishi wa vita. Akapewa farasi na upanga, akafuatana na mkubwa wake, akawa "knight", askari mwungwana wa kuimbwa na washairi. "Cnafa" alibaki jikoni na zizini, akawa "knave", mwizi na mwongo. Katika Kijerumani neno la asili moja na "knave" ni mtoto wa kiume mpaka leo, na neno la asili moja na "knight" ni kijakazi wa kiume wa shambani. Aidha "marshal", cheo kikubwa cha kijeshi, asili yake ni mtumishi wa farasi. Na "minister", waziri wa serikali, kwa Kilatini ni mtumishi, mtu mdogo mbele ya mkubwa. Kwa hiyo neno la utumishi halianguki siku zote. Hupanda likiwa aliyetumikiwa ni mfalme, na huanguka likiwa kazi ni ya kuosha vyungu.

Ama "boor", hilo ni neno la kilimo lililo jirani na "boer" la Waholanzi, yaani mkulima. Asili yake ni mkaaji wa mahali, na Waingereza wanalo pia ndani ya "neighbour", ambaye ni mkaaji wa karibu. Mkaaji wa karibu amebaki na heshima; mkaaji wa shamba amekuwa mfano wa ukosefu wa adabu. Neno hilo hilo la Kiholanzi lilikwenda Afrika ya Kusini, na wakulima wa huko wakajiita kwalo kwa fahari. Sisi tukawaita Makaburu, na katika miaka ya ubaguzi wa rangi, tangu 1948 hata 1994, jina hilo kwetu lilikuwa jina la mdhalimu. Mkulima, jirani, mshenzi, mdhalimu: hayo yote ni matawi ya shina moja, na kila tawi limepinda kwa upepo uliolipiga.

Tukiacha majina ya watu tukaangalia maneno ya sifa, twakuta mwendo ule ule. "Mean" lilikuwa na maana ya kitu cha shirika, kilicho cha wote. Likawa duni, kisha likawa uchoyo na roho mbaya. "Vulgar" limetoka katika neno la Kilatini la umati wa watu, na Biblia ya Kilatini iitwayo Vulgata ilipata jina hilo kwa kuwa ndiyo iliyotumiwa na watu kwa kawaida. Leo "vulgar" ni matusi na uchafu. "Lewd" lilimtaja mtu asiye kasisi, kisha asiyesoma, kisha mtu wa chini, na mwisho likawa la uasherati. Upande wa pili, maneno ya nasaba njema yalipanda kuwa maneno ya tabia njema. "Gentle" alikuwa mtu wa ukoo, leo ni mpole. "Generous" alikuwa mwenye uzazi bora, leo ni mkarimu. "Courteous" ilikuwa desturi ya nyumba ya mfalme, leo ni adabu. "Frank" alikuwa mtu huru wa kabila la Wafaranki, leo ni msema kweli. Bwana C. S. Lewis alilichunguza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1960, "Studies in Words", akaonyesha kwamba maneno ya daraja yana tabia ya kugeuka yakawa maneno ya maadili.

Kwa nini iwe hivyo? Jibu moja li dhahiri: kalamu haikuwa mkononi mwa mkulima. Neno "lewd" latoa ushahidi wake lenyewe, maana limepewa maana na wale waliojua kusoma, nalo lamtaja asiyejua. Mkulima wa Essex alikuwa na maneno yake kwa bwana wake, bila ya shaka, na huenda yalikuwa makali. Lakini hayakuingia katika daftari, na yasiyoingia katika daftari hupotea pamoja na pumzi ya msemaji. Jibu la pili ni zito zaidi. Mtu alaye jasho la mwenziwe huwa na haja ya kuamini kwamba mwenziwe huyo anastahili hali yake. Akisema kuwa fulani ni maskini, dhamiri yaweza kumwuliza kwa sababu gani. Akisema kuwa fulani ni mwovu, mchoyo na mchafu, swali hukoma. Lugha ilimpa neno moja lenye maana zote mbili, akaepukana na taabu ya kufikiri.

Liko neno moja la unyonge lililojaliwa heshima, nalo ni "humble". Limetoka katika neno la Kilatini la ardhi, na maana yake ya kwanza ni kilicho karibu na udongo. Dini ya Kikristo ilifundisha kwamba kujishusha ni fadhila, kwa hiyo neno hili likawa na nyuso mbili: uso wa mtu aliyejishusha kwa hiari, na uso wa mtu aliyeshushwa na dunia. Waingereza hutumia neno moja kwa wote wawili, na mfasiri asiyeangalia huanguka hapo. Asomapo kuwa fulani amezaliwa katika nyumba ya "humble", akaandika kwamba amezaliwa katika nyumba ya wanyenyekevu, amekosea, kwani habari ni ya umaskini wala si ya tabia. Kiswahili hapa kina utajiri wa kutenganisha: mnyenyekevu ni mbali na mnyonge, na mnyonge ni mbali na mtu duni. Yafaa tuulinde utajiri huo, maana katika mchanganyiko wa maneno haya mnyonge husifiwa kwa unyenyekevu ambao hakuuchagua, akanyimwa haki ambayo angeidai.

Sasa na tuone maneno haya yalivyotufikia sisi. Kwa karne nyingi sheria ya kazi ya Uingereza ilikuwa sheria ya bwana na mtumishi. Mtumishi aliyevunja mkataba aliweza kufungwa gerezani. Bwana aliyeuvunja alidaiwa fedha tu. Wafanyakazi wa Uingereza waliipinga hali hiyo hata mwaka 1875 ikatungwa sheria mpya iliyoondoa kifungo, na katika jina lake hawakutajwa tena bwana na mtumishi. Walitajwa mwajiri na mfanyakazi. Badiliko la majina na badiliko la haki vilikuja siku moja. Lakini mwaka 1906, yaani miaka 31 baadaye, sheria ya mabwana na watumishi ilipitishwa katika himaya ambayo baadaye iliitwa Kenya. Na mwaka 1923 Tanganyika ikapewa ya kwake, ambayo jina lake lilibainisha kwamba watumishi hao ni wenyeji. Mwafrika aliyeacha kazi kabla ya muda wake kutimia aliweza kutozwa faini au kufungwa. Vazi lililovuliwa Uingereza kwa kuwa ni la aibu, lilionekana kuwa lawatosha watu wa huku.

Pamoja na sheria lilikuja neno "boy". Katika Kiingereza cha karne ya 13 na ya 14 neno hili lilimtaja mtumishi na mtu wa chini, kabla ya kuzoeleka kuwa jina la mtoto wa kiume. Katika makoloni maana ile ya kale ilifufuliwa. Mzee mwenye mvi, anayepokea shikamoo za wajukuu asubuhi kabla ya kutoka nyumbani kwake, alifika kazini akaitwa mtoto mpaka jioni. Kiswahili kikalipokea neno, kikalitia ngeli, likawa boi na maboi. Twalijua jeraha lake. Ndiyo maana limeachwa, na leo husemwa mfanyakazi wa ndani au wa nyumbani. Mwaka 2011 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa namba 189 juu ya kazi ya staha kwa wafanyakazi hao, na humo pia jina lililochaguliwa ni la mfanyakazi.

Je, sisi wenyewe tumesalimika? Hebu tutazame shina la kutuma. Limezaa mtume, mtumwa na mtumishi. Wote watatu wametumwa. Lakini wa kwanza katumwa na Mungu, wa pili katumwa na aliyemnunua, wa tatu hutumika kwa mshahara. Ni habari ile ile ya "knight" na "knave", ila kwetu imekaa wazi zaidi. Mwungwana kwa asili ni mtu huru, asiye mtumwa. Utumwa uliondolewa kisheria Unguja mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Neno uungwana likabaki kuwa jina la adabu na utu wema. Twasema, Mwungwana ni kitendo, na methali hiyo ni nzuri, kwani imefungua mlango uliofungwa na nasaba: atendaye mema ni mwungwana, hata akiwa amezaliwa wapi. Lakini kila sifa ina kivuli chake. Ikiwa wema ni uungwana, basi tabia mbaya ilipewa nani? Ilipewa wale ambao hawakuwa waungwana, nao hawakuwa na kosa ila kukamatwa na kuuzwa.

Tena liko neno mshamba. Kwa umbo lake ni mtu wa shamba tu, kama "villanus" wa mwaka 1086. Kwa matumizi ni mjinga, asiyejua mambo, asiyejua kuvaa wala kusema. Katika karne ya 19 mashamba ya Unguja na ya mwambao yalilimwa kwa wingi na watumwa, ilhali wenyewe wakikaa mijini. Haishangazi kwamba dharau ya mji ilitulia juu ya jina la shamba. Utumwa umeondoka, dharau imebaki, kama ilivyobaki kwa Waingereza. Na kwamba neno hufuata mamlaka, twapata ushahidi wa kinyume katika bepari. Neno hili la Kihindi lilikuja na maana ya mfanyabiashara. Siasa ya ujamaa ilipotawala Tanzania likawa jina la mnyonyaji. Mwalimu Nyerere alipochapisha mwaka 1969 tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare juu ya mfanyabiashara wa Venice, aliuita "Mabepari wa Venisi", na kwa neno moja alikuwa amekwisha kutoa hukumu kabla ya pazia kufunguliwa.

Sitaki kusema kwamba maneno haya yafutwe. Lugha haifutwi kwa amri, na mtu hawezi kuzungumza huku akiulizia asili ya kila neno. Ninachokitaka ni kidogo, nacho kiko katika uwezo wetu. Mwalimu afundishapo "villain" atumie dakika moja kueleza kwamba jina hilo lilikuwa la mkulima, na aeleze lilivyoharibika. Mfasiri apime kama neno la Kiingereza mbele yake lamtaja maskini ama lamtaja mwovu, asimpe mmoja jina la mwenziwe. Mtunga kamusi, aandikapo mshamba, aweke maana ya kwanza kabla ya maana ya dharau. Na sisi wengine, kabla ya kumwita mwenzetu mshamba kwa kuwa ameshangaa mjini, tukumbuke kwamba wajumbe wa Essex walijibiwa kwa neno la namna hiyo hiyo.